Adui Asiye na Jana

Wapenzi wa lugha, malenga na wanafunzi wa malenga,

Nina ugomvi na baadhi yenu, nami sioni haja ya kuufunika kwa utangulizi mrefu. Ugomvi wangu unamhusu adui. Si adui wa taifa wala adui wa dini. Ni yule mhusika ambaye kila riwaya ya kisayansi humhitaji: mtu mwenye akili kupita kiasi, mwenye mtambo wa kuteketeza mji, anayeshindwa na shujaa kurasa kumi kabla ya kitabu kwisha. Katika miswada ya vijana ninayoletewa kuisoma hapa Kahama, mtu huyu huingia ukurasa wa kwanza akiwa mwovu tayari, kama nyoka aliyetoka yaini na sumu yake. Hana mama. Hana shule aliyosoma. Hana mtu aliyewahi kumwazima kalamu. Na zaidi ya yote, hana rafiki, wala hajapata kuwa naye.

Katika kikao kimoja cha wapenzi wa vitabu nilithubutu kusema kwamba adui bora wa riwaya ya namna hii ni yule aliyekuwa rafiki wa shujaa, na kwamba sura nzuri kuliko zote ni ile inayotuonyesha siku urafiki ule ulipovunjika. Nikajibiwa mambo mawili. Mzee mmoja, mshairi ninayemheshimu, alisema huo ni mtindo wa sinema za Wamarekani, tuwaachie wenyewe. Kijana mmoja akaongeza kwamba kumpa mwovu historia ni kumtetea. Wote wawili walipigiwa makofi. Mimi nilirudi nyumbani kwa bodaboda nikiwa nimenuna, na tangu siku hiyo jibu hili limekuwa likinipanda kooni.

Nianze na Wamarekani, niwatoe njiani mapema.

Lex Luthor, adui wa Superman, alianza kuonekana katika vitabu vya picha mwaka 1940. Alikuwa mwanasayansi mwovu, basi. Na nywele alikuwa nazo. Ilichukua miaka 20 kabla ya mtu kuona kwamba hapo pana pengo. Ndipo Aprili 1960, katika toleo la 271 la Adventure Comics, Jerry Siegel, ambaye ni mmoja wa wawili waliomuumba Superman mwenyewe, akamrudisha Luthor ujanani. Tunamwona kijana wa mji mdogo wa Smallville, anayemhusudu Superboy kwa mapenzi safi. Siku moja anamwokoa na jiwe la kryptonite, na Superboy kwa shukrani anamjengea maabara. Luthor anajifungia humo, anaumba kitu chenye uhai, tena anatafuta dawa ya kumkinga rafiki yake na jiwe lile lile. Moto unazuka. Superboy anaupuliza kwa pumzi yake kuu. Moto unazimika, lakini pumzi hiyo hiyo inamwaga kemikali, inaiangamiza kazi yote ya Luthor, na mvuke unamnyonyoa nywele kichwani. Luthor anaamini kwamba rafiki yake amefanya kusudi, kwa wivu. Chuki yote iliyofuata inaanzia hapo.

Victor von Doom naye, wa Stan Lee na Jack Kirby, alitokea mwaka 1962 katika toleo la tano la Fantastic Four. Alikuwa chuo kimoja na Reed Richards. Richards aliziona hesabu zake, akamwambia zina kosa. Doom hakukubali kusahihishwa, mtambo ukalipuka, uso ukaharibika, na tangu hapo akavaa kinyago cha chuma. Magneto alitokea mwaka 1963 akiwa mwovu mtupu, mwenye sumaku na kelele nyingi. Ni mwaka 1982, katika toleo la 161 la Uncanny X-Men, Chris Claremont alipotuambia kwamba mtu huyu na Profesa Xavier walikutana zamani mjini Haifa, wakiwa marafiki waliokesha wakibishana juu ya mustakabali wa wanadamu.

Mzee wangu, tazama tarehe hizo. 1940 hadi 1960. 1963 hadi 1982. Hao unaosema huu ni mtindo wao, wawili kati ya maadui wao wakubwa walikaa karibu miaka 20 kila mmoja bila kuwa na jana. Haikuwa mila yao. Waliitafuta, tena kwa kuchelewa, kwa sababu walichoka kuandika mtu anayecheka peke yake gizani. Basi kama Wamarekani walichelewa hivyo, ni nani aliyewahi?

Shing'weng'we ni jitu la masimulizi ya Kisukuma, na wengi wenu mliolelewa huku Usukuma na Unyamwezi mnalijua kabla hamjajua kusoma. Lilimeza watu wote, mifugo yote, likabakisha mwanamke mmoja mwenye mimba aliyejificha. Akamzaa Masala Kulangwa. Kijana alipokua akamwuliza mama yake, wenzetu wako wapi? Akaambiwa. Akaanza kuwinda, na kila alichokiua, hata panzi, alikileta nyumbani akiuliza kama huyo ndiye Shing'weng'we, na mama akajibu kwamba siye. Hatimaye akaliua lenyewe, akalipasua tumbo, watu wakatoka hai.

Mpaka hapo kijana wa kikao chetu anaweza kunicheka. Ataniambia: umeona? Jitu halina jana, halina rafiki, ni tumbo tu linalotembea. Ni kweli. Lakini hadithi haijaisha, na ajabu ni jinsi tunavyopenda kuikata hapo tunapowasimulia watoto. Katika masimulizi niliyolelewa nayo, kisu cha Masala Kulangwa kilipokuwa kikipasua tumbo la jitu, kilimkata sikio bibi mmoja kizee aliyekuwamo ndani. Watu wote wanatoka wakiimba. Yule bibi anatoka akishika sikio lake linalovuja damu. Hashangilii. Anataka kumdhuru kijana kwa uchawi.

Bibi yangu alipofika hapa alikuwa akinyamaza kidogo, akichochea moto, kana kwamba anatupa nafasi ya kuchagua upande. Mimi sikuweza kuchagua. Kijana kamwokoa. Kijana kamkata. Vyote viwili vimefanywa na kisu kimoja, saa moja, kwa nia moja njema.

Sasa liweke sikio la bibi huyo kando ya nywele za Luthor. Ni jambo lile lile. Mwokozi ndiye aliyejeruhi, na aliyejeruhiwa hawezi kuutenganisha wokovu na jeraha. Tofauti ni kwamba wazee wetu walilijua hilo bila maabara wala pumzi kuu, na wakaenda mbele kuliko Siegel: Masala Kulangwa alitafuta dawa akalitibu sikio. Superboy, kwa kadiri ninavyoisoma hadithi ile, hakujua hata aanzie wapi. Sitaki kuambiwa tena kwamba adui mwenye jeraha ni mali ya Marekani. Ni yule kizee, na ni wa kwetu.

Wala si masimulizi ya kale peke yake. Nani katika mkoa wa Shinyanga hajasikia habari za Bagalu na Bagika? Vyama hivi viwili vya ngoma vimegawanya uwanja wa Usukuma tangu karne ya 19, na wasimulizi huvirudisha kwa waganga wawili, Gumha na Ngika, waliobishana ni dawa ya nani yenye nguvu zaidi. Ukienda Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma, au ukisimama pembeni ya uwanja wakati wa ngoma baada ya mavuno, utaona ubishi ule bado unaendelea. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na mshindi ni yule anayewavuta watazamaji wengi zaidi waache kwa mwenzake waje kwake. Fikirini maana yake. Gumha hawezi kuwa Gumha bila Ngika kuwapo upande wa pili wa uwanja. Nipeni mwandishi atakayewachukua waganga hao wawili, awape karne ya 23, awape dawa ya kuendesha nyota badala ya dawa ya ngoma, nami nitakinunua kitabu chake kabla wino haujakauka.

Na kwa wale ambao ngoma si jambo lao, nawakumbusha mpira. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba mwaka uliofuata, na wazee wa Kariakoo husimulia kwamba wa pili walijitenga kutoka kwa wa kwanza. Leo magazeti huwaita kwa zamu watani wa jadi na mahasimu wa jadi, kwa pumzi moja, na hakuna msomaji anayeona ajabu. Kiswahili kinajua kwamba mtani na hasimu ni majirani. Utani wenyewe ni nini, kama si dawa waliyoitunga wahenga wetu ili watu waliowahi kuoneana uadui waweze kutukanana msibani bila kushikana mashati? Njia ya kutoka uadui kwenda urafiki tunayo, tumeipa jina, tuna na kanuni zake. Njia ya kurudi nyuma, kutoka urafiki kwenda uadui, ndiyo riwaya zetu zinaiogopa.

Hapa ndipo nataka kulileta suala la neno lenyewe, kwa kuwa hili ni baraza la lugha, na naamini nusu ya kosa letu imo katika msamiati.

Tunamwitaje mtu huyu? Katika vibanda vya video nilivyokulia, wasimulizi wa filamu, Lufufu akiwa kinara wao ambaye kanda zake zilitufikia hata sisi wa huku bara, waligawanya ulimwengu mara mbili: kuna steringi na kuna adui. Steringi hafi. Adui ni yeyote anayemfyatulia risasi. Maneno hayo yalitosha kwa mabenchi ya mbao na tiketi ya shilingi mia, nami sina dharau nayo hata kidogo. Lakini "adui" ni neno la vita, na vita havikuulizi jana ulikuwa nani. Darasani tukafundishwa "mhusika mwovu", ambalo ni neno la hukumu: limekwisha kumfunga mtu kabla hajafungua kinywa. Kisha tuna "nduli". Hili tulilitumia kwa Idi Amin wakati wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na lilifanya kazi yake, kwani taifa lililovamiwa halikuhitaji wasifu wa mvamizi. Ila neno lililofaa bango si lazima lifae riwaya.

Linabaki "hasidi", na hili ndilo ninalolilaumu zaidi ya yote. Ushairi wetu umelitumia hasidi hadi limekuwa kama chumvi ya kila mchuzi. Shairi likimtaja mtu anayemchukia mwimbaji, basi ni hasidi, ana husuda, Mungu amlani, ubeti unaofuata. Husuda inaeleza kila kitu, kwa hiyo haielezi kitu. Ukimwita mtu hasidi umesema kwamba chuki yake inatoka kwake mwenyewe, ndani ya nafsi yake chafu, na kwamba wewe hukuchangia hata chembe. Ndiyo sababu tunalipenda. Ni neno linalomwosha anayelitamka.

Mimi napendekeza "hasimu". Asili yake ni Kiarabu, na huko ni mtu wa upande wa pili katika shauri, yule unayesimama naye mbele ya kadhi. Hasimu hawezi kuwa peke yake. Lazima kuwe na mwingine, lazima kuwe na jambo lililowafikisha pale, na lazima kila mmoja apewe nafasi ya kusema. Hasidi yuko peke yake chumbani. Hasimu anakutazama usoni, na kuna uwezekano, unaotia hofu, kwamba shauri analo.

Katama Mkangi, marehemu, aliliona hili mapema kuliko wengi. Walenisi, iliyotoka mwaka 1995, ni miongoni mwa kazi chache za Kiswahili zilizothubutu kumpakia mhusika kwenye chombo cha kisayansi na kumrusha ulimwengu mwingine. Sitaisimulia, aliyekuwa hajaisoma aibu ni yake. Nataka tulitazame jina tu. Limeunganishwa kwa maneno matatu mepesi: wale ni sisi. Sijui kama kuna nadharia ya uhasimu iliyo fupi kuliko hiyo.

Sasa nimgeukie kijana wangu, aliyesema kumpa mwovu historia ni kumtetea. Hoja yake ni nzito kuliko ya mzee, na wengi huipenda kwa sababu inafanana na uadilifu. Anasema: mtu ameua watu elfu, wewe unaniletea habari za rafiki yake wa utotoni? Unataka nimlilie?

Hapana. Sitaki umlilie. Nataka umwogope zaidi. Mwovu aliyezaliwa mwovu hanitishi, kwa kuwa mimi sikuzaliwa hivyo, na wewe hukuzaliwa hivyo, kwa hiyo hatuwezi kuwa yeye. Tunafunga kitabu tunalala. Lakini yule aliyekuwa akigawana mihogo na shujaa, akacheka vichekesho vyake, akajua jina la mama yake, halafu katika jambo moja dogo lililoweza kwenda huku au kule likaenda kule, huyo ananinyima usingizi. Mlinganie kwa "kikulacho ki nguoni mwako". Wahenga hawakusema kikulacho kimetoka sayari nyingine. Na hawakuwa wakimtetea kunguni.

Kuna jambo jingine ambalo kijana wangu hakulisema kikaoni lakini wengi hulisema huku kwetu, kwamba katika nchi ya dhahabu adui anajulikana: ni mgeni mwenye mtambo. Kahama tuna haki ya kuwaza hivyo. Tumeishi kati ya Bulyanhulu na Buzwagi. Tuliona makontena ya makinikia yakizuiwa mwaka 2017 na nchi nzima ikajifunza neno hilo kwa wiki moja. Tumeona Buzwagi ukifungwa na mji ukijiuliza utakula nini zaidi ya mchele wake. Mwandishi wa hapa akitaka kutunga riwaya ya mwaka 2150, mkono wake unakwenda wenyewe kwenye kampuni kubwa kutoka nyota ya mbali inayofyonza ardhi. Nimesoma miswada mitatu ya namna hiyo. Siipingi siasa yake. Ninapinga uvivu wake. Kampuni haina uso wa kuharibika wala nywele za kunyonyoka. Nenda kwenye maduara ya wachimbaji wadogo, kaa na watu wanaongoja kamba ipandishe mawe, uwaulize ni nani aliyewaumiza. Wataitaja kampuni, ndiyo. Lakini sauti ikishuka, watamtaja mtu. Mwenzangu tulichimba naye duara moja, tukala sufuria moja, siku tulipokuta mwamba wenye mali mimi nilikuwa nimelazwa na malaria. Hapo ndipo pana riwaya.

Hata katika historia ya taifa hatujajizoeza. Oscar Kambona alikuwa mmoja wa watu wa karibu kabisa na Mwalimu Nyerere katika kupigania uhuru. Mwaka 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, alijiuzulu na kwenda kuishi Uingereza, akarudi nchini mwaka 1992. Wanasiasa wabishane juu ya nani alikuwa sahihi. Mimi kama mtu wa fasihi naingoja riwaya itakayonipeleka kwenye chumba walichoketi wawili hao kwa mara ya mwisho, mlango ukiwa umefungwa, chai ikipoa.

Nimefika mahali ambapo ningependa kukomea, lakini nisipoendelea nitakuwa nimefanya kile kile ninachowalaumu wengine kukifanya.

Mwaka 2003 nilikuwa kidato cha tatu, na nilikuwa na rafiki. Tulikuwa na kauntabuku moja ya kurasa mia tatu, tukiandika kwa zamu riwaya ya mashine inayonusa dhahabu chini ya ardhi. Yeye alikuwa na akili ya vyuma: alijua mtambo ungefanyaje kazi. Mimi nilikuwa na sentensi. Tulitunga na mashairi pia, yeye akitafuta wazo, mimi nikipanga vina. Moja kati ya mashairi hayo nililituma kwenye kipindi cha redio. Likasomwa. Likasomwa kwa jina langu peke yangu, kwa sababu ndilo jina pekee nililoandika. Nilijiambia kwamba bahasha ilikuwa ndogo. Nilijiambia vina ndivyo shairi. Yeye alilisikia dukani kwa baba yake, mbele ya wateja, na hakuniuliza kitu. Alinirudishia kauntabuku kesho yake, na baada ya mtihani akaenda machimboni.

Miaka kumi na tano baadaye niliandika riwaya yangu. Adui yake alikuwa fundi mwenye karakana chini ya ardhi, mwenye mashine inayonusa dhahabu na kuangusha nyumba za watu ili kuifikia. Nilimpa jicho moja bovu, nikampa kicheko. Nikampa husuda, nyingi. Mswada nikaupeleka kwa mhariri mmoja, akausifu. Alisema adui "anaeleweka haraka". Sikujua wakati ule kwamba hayo ni matusi.

Aliyeniamsha ni mke wangu, ambaye hasomi riwaya za kisayansi na hajifichi kwa hilo. Alisoma kurasa arobaini, akauliza jambo moja: "Huyu fundi, shujaa wako alimfanya nini?" Nikamjibu kwamba hakumfanya kitu, ni hasidi tu. Akaniangalia. Akasema, "Haya," akaenda kuchambua mchele.

Nilikaa na swali hilo wiki nzima. Sikuweza kulijibu bila kuandika habari za bahasha. Na hapo nikaelewa, kwa aibu, kwa nini maadui wetu hawana jana. Si kwamba waandishi wetu hawana ubunifu. Ni kwamba jana ya adui ndimo tulimo sisi. Ukiufungua mlango ule, wa kwanza kutoka ni shujaa, akiwa na kisu mkononi na sikio la mtu chini. Kumfuta rafiki katika maisha ya mwovu ni njia ya shujaa kubaki safi, na shujaa, mara nyingi kuliko tunavyokiri, ni mwandishi aliyevaa joho.

Nilitunga ubeti usiku ule, nauweka hapa ingawa najua wapo watakaouhesabu mizani kabla ya kuusoma:

Adui nikimtaja, msidhani ni mgeni,
Sahani yetu ni moja, tulilapo barazani,
Siri zetu tukachuja, tukaziweka moyoni,
Kisha mmoja kavuja, nanyi mwauliza nani?

Kisha nikaiandika upya sura ya pili. Nikaweka humo wavulana wawili, kauntabuku, na jina moja juu ya bahasha. Jicho bovu nikalitoa; kicheko nikakitoa. Fundi bado anaangusha nyumba za watu katika sura ya tisa, bado watu wanakufa, na sikumpunguzia hukumu yake hata siku moja. Mhariri aliupokea mswada mpya akaufyeka: alitaka sura ya pili yote iondoke, kwa hoja kwamba msomaji wa Kitanzania hataki kuchanganywa, anataka kujua mapema ni nani wa kumchukia. Nimeuchukua mswada wangu. Uko kabatini, na hauendi popote bila sura ile.

Lakini nakala moja ilikwenda. Niliipiga chapa sura ya pili, nikampa mdogo wake rafiki yangu, ambaye huja mjini kununua vipuri, na sikuandika barua yoyote ya kuisindikiza. Nilidhani maneno yamo ndani tayari. Ilipita miezi miwili. Karatasi zikarudi zimekunjwa mara nne, zina madoa ya mafuta ya mashine. Hakuna salamu juu wala chini. Ukurasa wa saba, pale nilipoeleza jinsi wavulana wanavyotazama mawe yakisagwa na mafundi wakimimina zebaki ndani ya karasha, amepiga mstari kwa kalamu nyekundu, na pembeni kwa mwandiko ule ule wa kauntabuku ameandika: "Zebaki haitiwi kwenye karasha. Mawe husagwa kwanza, unga unaoshwa mwaloni, zebaki inakuja mwisho, kwenye beseni. Rekebisha."

Nimerekebisha. Wiki ijayo mdogo wake atakuja tena mjini, nami nimeanza kuipiga chapa sura ya tatu.